Fungua kontena saa 4 ndo utaelewa

Mi nauza nafaka Tandika. Mchele, maharage, kunde, choroko, karanga, dona, vyote ninavyo, yaani mtu akiniuliza kazi yangu namwambia nalisha watu. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anarudi nyumbani kwake Mtoni Kijichi saa 1 usiku, anafungua begi la mwanae anakuta kontena zito vilevile kama lilivyotoka asubuhi, chapati zipo, yai lipo, papai limeshageuka uji, af mtoto anamwangalia usoni anasema "nilishiba baba". Umeshiba nini, upepo?

Ilivyokuwa ni hivi, mama watoto ni nesi, akapata nafasi ya kwenda kujiendeleza Dodoma miaka 2, tukakaa tukapanga kila kitu, chumba cha huko, nauli ya treni ya SGR awe anakuja kila baada ya wiki mbili, nani atamsuka Dada nywele, nani atakaa na watoto wakirudi, tukapanga mpaka gesi. Hakuna aliyekumbuka kontena. Kumbe ndo kazi yenyewe. Shule yao chakula cha mchana unalipia pembeni, nikapiga hesabu ya watoto watatu kwa muhula nikaona hapana, mi mwenyewe muuza chakula nifunge tu nyumbani, cha saa 4 na cha saa 7. Basi la shule linapita saa 11 na dakika 40 alfajiri, so saa 10 na robo mi niko jikoni na bukta nakanda unga huku nasinzia.

Watoto wenyewe ni hawa. Dada yuko darasa la 5, ye anakula vizuri tu ila anataka chakula kinachofanana na cha wenzake. Wa kati tunamwita Bosi, darasa la 2, huyu ndo kesi, akisema sili halii wala hapigi kelele, anafunga mdomo tu kama pochi. Wa mwisho Kadogo, miaka 4, chekechea, huyu nyumbani anakula mpaka ukoko.

Wiki za mwanzo nilifanya makosa yote anayoweza kufanya mzazi. Nilifoka. Nilitishia. Siku moja, na hii naiandika kwa aibu, nilimkalisha Bosi saa 1 usiku amalize kile alichorudisha, wali wa tangu alfajiri, nikasema hapa hatoki mtu. Akala vijiko vinne akatapika juu ya meza. Usiku akaumwa tumbo mpaka nikampigia mama yake, na nesi ukimpigia saa 6 usiku ukamwambia umempa mtoto wali uliokaa masaa 14, jamani, sitaki kukumbuka alivyoniambia. Kwanza alikaa kimya. Halafu akanielekeza maji ya chumvichumvi, ORS, namna ya kumpa kidogo kidogo, alivyotulia mtoto ndo akaanza mimi sasa. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, anapenda wali hasa, mbegu zake hazifi ukipika, wali ukishapoa ukakaa kwenye joto la Dar anazaliana na anatoa sumu, na hiyo sumu hata ukipasha haiondoki. Mi nauza mchele miaka 9 sijawahi kulisikia hilo jina.

Lakini hiyo ilinifundisha kuogopa tu, haikunifundisha kwa nini hawali. Hilo nililijua kwa vipande vipande, na kipande cha kwanza kilitoka kwa Kadogo ambaye mi sikuwa hata na wasiwasi naye.

Kadogo wiki mbili mfululizo anarudisha kontena limejaa. Nyumbani anakula kama kawaida, tena akishuka kwenye basi anakimbilia jikoni. Nikadhani labda ugonjwa, labda anaonewa. Jumamosi moja nikamuwekea maandazi kwenye lile lile kontena la shule nikamwambia kula, nikaendelea na simu yangu. Baadaye naangalia mtoto kakaa kimya, kontena mapajani, limefungwa, anasugua kidole pale kwenye kile kikamata mfuniko. Nikamuuliza mbona huli mama? Akasema "gumu".

Hakuweza kulifungua! Zile kontena za kukamata pande nne, mi mwenyewe nilikuwa naligonga na kiganja ndo likae, nikaona safi halitamwaga. Darasani kwao watoto wengi, mwalimu na msaidizi wake hawawezi kumfungulia kila mtu, na Kadogo si mtoto wa kunyoosha mkono kuomba. Wiki mbili mtoto anakaa na chakula mbele yake anasikilizia wenzake wanatafuna. Nilitoka nje nikasimama kwanza.

Tangu hapo chombo chochote kipya mtoto anafungua na kufunga mara kumi mbele yangu kabla hakijaenda shule. Chungwa namenya kabisa naligawa. Ndizi naikata pale kichwani kidogo ili aanzie. Nilimwambia rafiki yangu mmoja hapo sokoni, ana mtoto wa chekechea naye, akanicheka, kesho yake akaja mdogo kama pilitoni, eti na wa kwake hivyohivyo, chupa ya maji.

Kipande cha pili ni yai la Bosi. Huyu mtoto nyumbani mayai ya kuchemsha anakula mawili na anatafuta la tatu. Shuleni yai linarudi zima. Nikamuuliza mara tano, jibu "sitaki tu". Ukweli akautoa Dada tukiwa tunakula usiku, bila hata kuulizwa: "Baba si walimwambia kajamba." Bosi akainamia sahani. Kumbe siku moja saa 4 amefungua kontena darasani, harufu ikatoka, darasa zima likashika pua, nani kajamba, nani kajamba, na toka siku hiyo akifika shule kontena halifungui kabisa kama analijua lina yai, hata kama kuna vingine anavyovipenda. Na mi nilikuwa naweka yai kila siku, si ndo protini!

Sasa ile harufu ina sababu. Mi nilikuwa naweka mayai jikoni halafu naenda kuwaamsha, kuwaogesha, narudi mayai yanachemka dakika 20. Ukilimenya yai la namna hiyo unaona kiini kimezungukwa na kiduara cha kijani kijivu, ile ni salfa ya kwenye ute imekutana na madini chuma ya kwenye kiini, na hiyo salfa ndo inayonuka. Ukilichemsha dakika 9 au 10 ukalitia kwenye maji baridi saa hiyohiyo kiduara hakitokei na harufu inapungua sana. Nilijifunza, nikalichemsha vizuri, likatoka zuri la njano kama picha. Bosi hakuligusa. Kwake yai la shule lilishakufa. Nikaacha. Siku hizi yai analila nyumbani, asubuhi na chai au jioni akirudi, kontena halilioni, na hapo ndo nilipoanza kupumua maana nilikuwa nimejibebesha kwamba lile kontena lazima libebe lishe yote ya siku. Kwani nani kasema? Mtoto ana asubuhi, ana jioni, ana Jumamosi.

Basi ndo wazo likanijia. Siku hiyo nilipofunga vya watoto nikafunga na cha kwangu, chombo hichohicho aina moja, chakula hichohicho, chapati moja, mihogo ya kukaanga, papai, nikalifunga kwenye begi nikalitupia nyuma ya pikipiki nikaenda nalo Tandika. Nikajiambia sigusi mpaka saa 4.

Saa 4 nikakaa juu ya gunia la maharage nikafungua. Kwanza ule mvuke, ukikaribisha pua unakutana na harufu moja ya vitu vyote, papai linanukia muhogo, muhogo unanukia chapati. Mfuniko kwa ndani una matone kama kioo cha bafuni. Chapati niliyoitoa kwenye kikaango ikiwa ya moto imelowa, upande mmoja inanata, upande mwingine imegeuka mpira. Mihogo ilikuwa mikavu saa 10 alfajiri, hapa imelegea, imenyonya maji ya papai imekuwa ya rangi ya chungwa pembeni. Nikala kipande kimoja. Nilikuwa na njaa kweli, na mi si mtu wa kuchagua, nimesoma shule ya msingi ya serikali tunakula mihogo ya chumvi na pilipili kwenye gazeti vumbi linapita juu. Nikashindwa. Kijana wangu wa dukani nikampa, akaangalia akasema "bosi hii imeharibika?" Haijaharibika, ndo nnachowalisha wanangu kila siku.

Hapo ndo nikaelewa. Miezi yote nilikuwa nahukumu chakula saa 11 alfajiri kikiwa kinapendeza, na mtoto anakihukumu saa 4 kikiwa kimekuwa kitu kingine. Tunabishana kuhusu vyakula viwili tofauti. Kuanzia siku hiyo kila kitu kipya kabla hakijaingia kwenye begi la mtoto kinaenda Tandika na mimi kwanza, kinakaa kwenye joto la mabati, nafungua saa 4, naonja. Kikifeli kwangu hakiendi shule.

Viliofeli ni vingi. Ndizi mbivu iliyomenywa, nyeusi na inateleza. Tango lililokatwa, maji tupu. Mkate wa parachichi, kahawia, japo ukikamulia ndimu unajitahidi kidogo. Chipsi usiseme, chipsi za saa 4 ni adhabu. Vitumbua vilifaulu vizuri mno. Mkate wa siagi ya karanga ulifaulu, tena ile karanga nasagisha mwenyewe pale pale sokoni haina sukari wala nini, ila kwanza nilihakikisha shule haina katazo, maana kuna watoto karanga inawaletea mzio mkali, ulizeni kwanza. Na kwa Kadogo karanga nzima sitoi, mtoto wa umri ule inaweza kumpalia. Chapati zilifaulu siku nilipozipika usiku, nikaziacha wazi zipoe kabisa ndo nikazifunga. Hiyo peke yake ingeniokoa miezi mitatu, kitu cha moto usikifunikie ndani ya plastiki, kiache kipoe.

Wali nilijaribu tena kwa ajili ya saa 7, kwa hotpoti. Wanakwambia ujaze maji yanayotokota kwanza, ukae dakika 5, uyamwage ndo utie wali wa moto sana mpaka juu. Nikafanya hivyo na hotpoti yangu ya bei ya chini, saa 7 naifungua dukani wali uko vuguvugu wa kuogea mtoto. Na vuguvugu ndo hatari yenyewe, mama watoto aliniambia kati ya nyuzi 5 na 60 ndo bakteria wanafanya harusi. Kuna zile flaski za chuma za mdomo mpana zinashika moto kweli, nikauliza bei, nikazidisha mara tatu, nikamshukuru muuzaji nikaondoka. Wali sifungi tena. Wali tunakula usiku, kwa heshima zote.

Nilichonunua ni vile vibegi vyenye ndani kama foili, Kariakoo unavipata, na kila mtoto ana chupa yake ya maji inalala kwenye friza, alfajiri inakuwa jiwe, naiweka katikati ya vyakula. Mpaka saa 4 maji yameyeyuka nusu, wanakunywa baridi, na chakula kimekaa baridi. Kama siku hiyo umeme ulikatika usiku na chupa haikuganda basi nafunga vitu vikavu tu, maandazi, karanga, matunda mazima, hakuna cha nyama wala maziwa.

Mwezi wa sita akaja mama mkwe kutoka Muheza, na machungwa gunia zima. Mi na mama mkwe heshima imejaa, shikamoo mama, marahaba mwanangu, hujala mama, nimekula mwanangu, tunaishi hivyo. Siku mbili zote ananiangalia tu nahangaika alfajiri, hasemi kitu. Siku ya tatu Bosi alirudisha katlesi, nikawa namlaumu mtoto ana deko, ndo mama akasema polepole huku anakunja kanga, "Mwanangu, mi naona huyu mtoto hana shida na chakula. Ana shida na majimaji." Nikasema majimaji gani mama? Akasema umekiweka kitu kikavu na tikiti pamoja. Mwangalie hata usiku, mchuzi ukigusa wali anasogeza sahani.

Usiku huo nikakaa nimwangalie mwanangu akila, kitu ambacho kwa kweli sikuwahi kufanya. Na ni kweli! Anajenga ukuta. Wali huku, maharage kule, anakula kama watu wasiosalimiana. Mama watoto alikuwa analijua hilo miaka yote, nilipompigia akasema "ah si nilijua unajua". Nikatafuta vikopo vidogo vyenye mifuniko, kila kitu na kikopo chake, tikiti peke yake, katlesi peke yake. Kontena la Bosi likaanza kurudi nusu. Ukiniambia mtu anayefurahia nusu ni mtu aliyeshindwa nakubali, lakini we hujaona zima.

Mama mkwe ndo alinifundisha pia bagia za kunde, na hapa nakuwa na cha kujivunia kwa sababu kunde ninazo mwenyewe. Unaloweka usiku kucha, asubuhi unazisugua kwa viganja ndani ya maji mengi, maganda yanaelea unayamwaga na maji, unarudia, unarudia, ni kazi ya uvumilivu na watoto wanaipenda kwa sababu ni kuchezea maji, Bosi anakaa na beseni lake anahesabu kunde zilizovuliwa nguo. Halafu unasaga na kitunguu, saumu, tangawizi, chumvi, maji kidogo mno, unapigapiga kwa mwiko mpaka inakuwa nyepesi, unachota unakaanga. Bagia ikipoa inabaki mkavu, haina maji, hainuki, saa 4 ipo vilevile, saa 7 ipo. Na ni kunde tupu, protini na madini chuma. Bosi anakula 5. Nadhani na kule kuzimenya kumechangia, mtu hawezi kuzitesa kunde kiasi kile asizionje.

Ila nisijifanye fundi. Kabla ya hapo nilifanya ujanja mmoja ukanitokea puani. Nilisikia watu wanasifia dagaa, kalsiamu na nini, nikawakaanga wakakauka, nikawasaga kwenye blenda ukawa unga, nikachanganya kwenye katlesi kimyakimya. Nikajiona mjanja. Bosi akang'ata, akatafuna taratibu, akasimama. "Baba mbona ina mchanga?" Nikasema hamna mchanga hapo. Dada akanusa akasema "ina dagaa hii". Mtoto akaniangalia kama mtu aliyeibiwa. Katlesi, ambayo ilikuwa mojawapo ya vitu vitatu alivyokuwa anavikubali, akaisusa karibu mwezi, na kila nikimpa kitu anakipasua kwanza kwa kidole aangalie ndani. Sifichi tena. Nikiweka mchicha ndani ya katlesi nasema huu ni mchicha, mwenyewe nimeukausha kwenye kikaango usitoe maji, ukitaka kula, usipotaka acha.

Dada naye alikuwa na lake. Ye muhogo na kiazi kitamu alikataa akasema ni chakula cha kishamba, wenzake wanaleta nudo na soseji, mmoja analetaga piza. Hapo mwanzo nilitaka kumpa hotuba, babu yako alisomesha watoto 7 kwa muhogo, nikajizuia. Nilinunua viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, vina vitamini A nyingi, nikavikata vijiti vyembamba vya urefu wa kidole, mafuta kidogo na chumvi, nikavioka kwenye ovena ya jirani kwanza, baadaye nikajifunza kuviweka kwenye sufuria nzito na moto mdogo. Nikaviweka vimesimama kwenye kikopo. Akavibeba kwa shingo upande. Wiki iliyofuata, kwenye kikao cha wazazi, mama mmoja akanifuata getini, "Baba Dada, samahani, hivyo viazi vyako vya rangi unavifanyaje, mwanangu kila siku ananisumbua". Kumbe Dada anavibadilisha kwa soseji! Nilicheka peke yangu mpaka kwenye daladala. Nilimuuliza Dada, akakana, halafu akasema si vyote baba, nabakiza vinne. Sasa hivi naweka vingi, avile na biashara yake aendelee, damu ya Tandika hiyo.

Juisi za boksi niliacha kabisa na sikuzirudia, hapa nilikuwa mkali na sijutii. Siku moja boksi lilipasuka kwenye begi likalowesha madaftari ya Dada, hesabu zote zikawa za zambarau, mwalimu hakufurahi na mi nikachukua hiyo kama sababu. Maji, basi. Ijumaa naweka juisi ya ukwaju ya nyumbani kwenye kachupa kadogo, sukari kidogo, wanaingojea wiki nzima.

Matunda ndo nilijitisha. Mama watoto alinitumia kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 walitoa mwongozo, mtoto wa miaka 2 mpaka 5 angalau gramu 250 za mboga na matunda kwa siku, wa miaka 6 mpaka 9 gramu 350, kuanzia 10 gramu 400. Mi mtu wa mizani. Nikachukua ndizi mbivu nikaimenya nikaiweka kwenye mzani wa dukani, gramu 90. Karoti moja 60. Nikaanza kujumlisha anachokula Bosi kwa siku, nikafika 70 nikaishiwa vitu vya kujumlisha. Nikataka kuanza vita upya. Mama watoto mwenyewe ndo akanituliza, akasema usipime siku, pima wiki, na usitake yote yatoke kwenye kontena. Akaniambia pia mtoto kitu kigeni anaweza kuhitaji kukiona na kukionja mara 8, 10, hata 15 kabla hajakizoea, watu wengi wanakata tamaa mara ya tatu. Ila kiwe kidogo, kipande kimoja, kando ya vitu anavyovijua, na usiseme neno.

Usiseme neno, hapo ndo pagumu kuliko kuamka saa 10.

Basi tangu mwezi wa 8 nimechagua karoti. Kijiti kimoja, kibichi, nimekikausha kwa kitambaa kwa sababu ya yale mambo ya majimaji, kwenye kikopo chake, karibu na bagia. Kila Jumatatu na Alhamisi. Jikoni nyuma ya mlango nina karatasi nachora mstari, watoto wanadhani nahesabu gesi. Mara ya kwanza imerudi. Ya pili imerudi. Ya nne haikurudi nikaruka, nikakuta iko chini kwenye begi na vumbi la penseli. Ya saba imerudi imenyauka, nikaila mwenyewe nimesimama kwenye sinki.

Jana ilikuwa ya kumi na moja. Bosi kashuka kwenye basi kanipa begi, kakimbilia mpira. Nikafungua taratibu, bagia hamna, viazi hamna, tikiti nusu. Kikopo cha karoti kimefungwa. Nikakifungua, karoti ipo, nikataka kukifunika nikaona kitu, nikaisogeza kwenye taa. Kwa pembeni ina alama za meno mawili ya juu, yale mapya, yaliyoota mwaka huu.

Sikumuita. Nimechora mstari nikarudi kumenya kunde.